Fahali wa Kakamega Hana Jaji: Hotuba Kuhusu Kurudisha Heshima ya Ndondi za Kulipwa

Hotuba hii ilitolewa Nakuru mbele ya makocha, mabondia wa zamani na wa sasa, wazazi, na wageni waliotoka Kisumu na Kakamega. Tumeiandika nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Slaidi tumeziacha, aliyekosa picha za ulingo hajakosa kitu.

Hamjambo? Hamjambo tena?

Wazee wetu mliovaa glavu kabla wengi wetu hatujazaliwa, heshima zenu. Makocha, marefa, akina mama ambao watoto wenu hurudi nyumbani na midomo imevimba na bado mnawafulia bandeji, karibuni. Vijana, sogeeni mbele, viti vya mbele si vya wakubwa peke yao. Nitarudi kwa hilo la viti.

Wageni wetu wa Kakamega watanisahihisha nikikosea. Siku ya fahali kupigana, kule Ikolomani au Shinyalu, watu huamka kabla ya jua. Fahali haji peke yake, anakuja na kijiji. Mbele yake ngoma za isukuti, pembeni vijana wameshika matawi, na jina lake linaimbwa kama jina la mbunge. Fahali wawili wanafungana pembe, iwe dakika 2 au dakika 20, mpaka mmoja anageuza mgongo na kukimbia. Basi, pambano limekwisha. Hakuna jaji, hakuna mkanda, na hakuna mtu anayerudi nyumbani akiuliza nani ameshinda.

Sasa niwaulize. Mbona fahali anajaza uwanja, na bondia wetu mwenye rekodi nzuri anapigana mbele ya viti vitupu? Mbona fahali ana mashabiki na bondia ana jamaa zake tu?

Jibu langu ni maneno mawili: kwao, na kuaminika. Fahali ana kwao, na pambano lake linaaminika. Ndondi za kulipwa zimepoteza yote mawili, hapa kwetu na huko ng'ambo pia. Yote nitakayosema leo yanazunguka hapo.

Na nayasema Nakuru makusudi. Mji huu uliupa ukumbi wake wa ndondi jina la Madison Square Garden. Fikirieni ujasiri huo! Watu wa New York wana Madison yao, na sisi tukasema yetu iko hapa, chini ya mlima wa Menengai. Halikuwa jina la kujisifu bure. Nakuru ndiyo iliyomtoa Philip Waruinge, bingwa wa Jumuiya ya Madola uzani wa feather mwaka 1966 na tena mwaka 1970. Mwaka 1968 alikwenda Olimpiki za Mexico. Alipoteza nusu fainali mbele ya mwenyeji na kurudi na shaba. Lakini walipotafuta bondia mwenye ufundi kuliko wote katika michezo ile, wa kupewa Kombe la Val Barker, hawakumpa yeyote kati ya waliobeba dhahabu. Walimpa huyu wa shaba, mtoto wa Nakuru. Miaka minne baadaye, Munich, akapata medali ya fedha.

Halafu? Halafu alipotaka kulipwa kwa kazi yake, ilibidi aende Japani. Alipigana huko kwa jina la Waruinge Nakayama, na mwaka 1976 akawania taji la dunia la WBC, moja ya mashirika makubwa ya ndondi za kulipwa. Bondia mwenye ufundi kuliko wote duniani, na Kenya haikuwa na jukwaa la kumlipa. Wanaosema ndondi za kulipwa zirudi kama zamani, nawaomba wakumbuke hilo. Tulichokuwa nacho zamani ni ndondi za ridhaa zenye nguvu: klabu, mashindano ya mara kwa mara, majeshi na mashirika yaliyoajiri mabondia. Hizo ndizo zilizotupa Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 kule Belgrade. Hizo ndizo zilizotupa dhahabu 8 kati ya 12 katika Michezo ya Afrika ya Nairobi mwaka 1987. Ndondi za kulipwa hatukuwahi kuzijenga vizuri. Kwa hiyo tunachotaka leo ni kujenga, na kidogo tu ndicho cha kurudisha.

Nianze na kwao.

Mwezi wa Septemba mwaka 2018, kijana wa Tanga aitwaye Hassan Mwakinyo alialikwa Birmingham kupigana na Sam Eggington, Mwingereza, mbele ya Waingereza. Alialikwa ili apigwe, tusidanganyane. Raundi ya 2 refa akasimamisha pambano, na aliyekuwa ameshindwa ni Eggington. Angalieni kilichofuata. Watanzania hawakusema tu kwamba wana bondia mzuri. Walisema ni wa Tanga. Watu wa Tanga wakamchukua kama wanavyochukua timu yao. Na Tanzania imekuwa na runinga inayoonyesha mapambano ya nyumbani usiku wa wikendi, hivyo mtu aliyemsikia Mwakinyo Jumatatu angeweza kumwona bondia mwingine Jumamosi. Jina lilikuwepo, na mahali pa kulipeleka jina hilo palikuwepo.

Hata yule bondia Mtanzania, Karim Mandonga, aliyezipa ngumi zake majina kama Sugunyo, mnamkumbuka? Alikuja Nairobi Januari mwaka 2023, akampiga Daniel Wanyonyi, na watu ambao hawajawahi kununua tiketi ya ndondi wakawa wanabishana juu yake kwenye matatu. Wazee wengine hapa wanatikisa kichwa. Najua. Kelele zake hazifundishi mtu kurusha ngumi ya kushoto. Lakini kelele humfikisha shabiki mlangoni, na akishaingia, kazi ya kumfanya arudi ni ya mabondia wengine saba waliobaki kwenye orodha.

Sasa kwetu tunafanyaje? Tunamchukua kijana wa mtaa wa Kivumbini, hapa Nakuru, tunampigia pambano lake la kwanza Nairobi, katika hoteli, mbele ya watu wanaokula nyama. Nani atamshangilia? Kijana apigane mapambano yake matatu ya kwanza mahali ambapo mama yake anaweza kufika kwa miguu. Bango liandike mtaa wake: Bondeni dhidi ya Kaptembwo, Kondele dhidi ya Nyalenda. Halafu jiji dhidi ya jiji. Nakuru iende Kisumu mwezi wa tatu, Kisumu ije Nakuru mwezi wa sita, uzani uleule, mabondia walewale, na aliyeshindwa nyumbani kwa mwenzake apate nafasi ya kulipiza kwao. Marudiano ndiyo yanayojenga jina. Pambano moja ni ajali. Mapambano mawili ni hadithi. Ya tatu ikifika, hata asiyependa ndondi anauliza matokeo.

Na muda! Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu muda umeua ndondi kuliko ulevi. Bango linasema saa kumi na mbili jioni. Pambano la kwanza linaanza saa mbili usiku. Pambano kuu linaanza saa saba, ukumbi umebaki na walevi na waandishi wa habari.

Hebu tupige hesabu. Pambano la raundi 4, kila raundi dakika 3 na mapumziko ya dakika 1 katikati, ni dakika 15. La raundi 6 ni dakika 23. La raundi 10 ni dakika 39. Mkipanga mapambano matano ya raundi 4, mawili ya raundi 6, na moja kuu la raundi 10, hata kama hakuna nokauti hata moja, ni dakika 160 za ngumi. Ongezeni dakika 10 kwa kila pambano, za kuingia ulingoni, kutangaza majina, kukagua glavu na kusoma matokeo. Hizo ni dakika 80. Jumla dakika 240, yaani saa nne kamili. Mkianza saa tisa alasiri, mmemaliza saa moja jioni. Mtu wa Njoro anapata matatu. Mtu wa Gilgil anapata matatu. Mwanamke aliyekuja kumwona mdogo wake anarudi nyumbani bila hofu.

Kuna atakayesema ndondi ni mchezo wa usiku. Nani alisema? Ali na Foreman walipigana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi alfajiri. Saa kumi alfajiri! Walifanya hivyo kwa sababu aliyekuwa akilipa kutazama alikuwa Marekani, na kwake usiku ulikuwa bado mchanga. Ikiwa pambano kubwa kuliko yote lililowahi kupigwa Afrika lilipangwa kwa saa ya mtazamaji, sisi ni nani tusipange yetu kwa saa ya abiria wa Njoro?

Nikiondoka hapo naingia kwenye kuaminika, na hapa ndipo penye kidonda.

Tatizo la kwanza ni mpinzani. Promota ana kijana anayemlea. Anamtafutia mtu wa kupigwa: fundi wa mjengo aliyeacha mazoezi, aliyepigiwa simu Jumatano aje Jumamosi. Kijana anashinda kwa nokauti raundi ya 1, rekodi yake inasomeka ushindi 9 bila kushindwa, bango linapendeza. Shabiki aliyelipa ameona dakika mbili za mtu kuanguka. Mwezi ujao haji. Na bondia mwenyewe ameibiwa, tena zaidi ya shabiki. Hajawahi kupigana akiwa amechoka. Hajawahi kuchanika nyusi na kuendelea. Hajawahi kuamka kutoka sakafuni akisikia refa amehesabu hadi sita. Siku anapovuka mpaka kukutana na mtu wa kweli, anavunjika raundi ya 4, na sisi tunasema Wakenya hawana bahati.

Dawa ya hili haihitaji fedha. Kabla ya kuidhinisha pambano, ulizeni alipigana lini mara ya mwisho. Aliyekaa mwaka mzima bila ulingo akaguliwe mazoezini kwanza, akipigana na mwenzake mbele ya kocha wa klabu nyingine. Ulizeni katika mapambano yake matatu ya mwisho ameangushwa mara ngapi. Ulizeni amepewa notisi ya wiki ngapi. Wiki 4 ziwe chini kabisa kwa raundi 4, na wiki 8 kwa raundi 10. Rekodi za mabondia ziko wazi kwenye tovuti ya BoxRec, na kijana yeyote mwenye simu anaziangalia kabla ya kununua tiketi. Mkificha rekodi ya mpinzani, mnajificha wenyewe.

La pili ni majaji. Hapa nataka twende Seoul, mwaka 1988. Sisi Wakenya tukisikia Seoul tunasikia jina moja: Robert Wangila, dhahabu ya uzani wa welter, Mfaransa Laurent Boudouani chini katika raundi ya 2 ya fainali. Chris Sande akaongeza shaba. Ilikuwa siku yetu. Lakini ulimwengu unaikumbuka Seoul kwa jambo jingine. Roy Jones wa Marekani alikutana na Park Si-hun, mwenyeji, katika fainali. Kwa hesabu iliyofanywa siku ile, Jones alipata ngumi 86 na Park 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Jones akarudi nyumbani na medali ya fedha, na Kombe la Val Barker. Lile lile la Waruinge.

Wangila alishinda kwa nokauti. Kama angefika mwisho mikononi mwa majaji, nani hapa angeapa kwamba tungepata dhahabu ile? Hiyo ndiyo hofu ambayo shabiki anabeba kila anapoingia ukumbini. Na hofu hiyo ilikaribia kuufukuza mchezo wenyewe kutoka Olimpiki: Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililiondolea utambuzi IBA, shirikisho lililosimamia ndondi za Olimpiki zamani, mwaka 2023, na ndondi hazikuwa na uhakika wa kuwepo Los Angeles 2028 mpaka uamuzi wa Machi 2025.

Basi ukumbini kwetu tufanye nini? Majaji watatu, kila mmoja upande wake wa ulingo, mbali na mwenzake, kiti kimeinuliwa ili kamba zisimkate macho. Mshindi wa raundi alama 10, aliyeshindwa 9, na akiangushwa mara moja, kwa kawaida 8. Refa akusanye karatasi kila raundi inapoisha. Kila raundi! Jaji anayebaki na karatasi yake anaweza kuirekebisha raundi ya 2 akiwa raundi ya 7, baada ya kusikia ukumbi unataka nini. Wafundisheni majaji wapya makosa matatu yanayojirudia: kumpa raundi anayesonga mbele hata kama anasonga kupigwa, kuhesabu ngumi zilizogonga mikono na glavu, na kukumbuka sekunde 30 za mwisho tu. Na usiku uleule, karatasi zote tatu zibandikwe ukutani, watu wazipige picha. Jaji akijua shangazi yake ataiona karatasi ile kwenye simu kesho asubuhi, atatazama raundi zote.

Jambo moja zaidi hapo: promota asimlipie jaji chumba wala chakula. Posho ya majaji ipitie kwa wasimamizi wa mchezo, ilipwe kabla ya kengele ya kwanza, iwe sawa kwa wote. Mtu haandiki alama dhidi ya mkono unaomlisha.

La tatu ni mikanda. Zamani mabondia waligawanywa uzani 8, na mtoto wa shule aliweza kutaja mabingwa wote. Leo uzani ni 17 kwa uchache, na mashirika makubwa ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO. Zidisheni wenyewe: mikanda 68 ya dunia, kabla ya kuhesabu mikanda ya muda, ya silver na ya bara. Oleksandr Usyk alipomshinda Tyson Fury Mei 2024, ilikuwa karibu miaka 25 tangu uzani wa juu uwe na bingwa mmoja asiyepingwa, enzi za Lennox Lewis. Robo karne! Katika robo karne ile mtoto amezaliwa, amesoma, ameoa, na hajui bingwa ni nani. Sisi hatuna uwezo wa kuyarekebisha mashirika ya dunia. Tuna uwezo wa kutozalisha takataka zetu. Mkanda mmoja wa Bonde la Ufa kwa kila uzani, mmoja wa Magharibi na Nyanza, na washindi wakutane. Asiyepigana kwa miezi 9 aunyang'anywe. Mkanda wa kununua kwa fundi wa ngozi na kuupa jina la dunia, tafadhali, tuwaachie wenye aibu kidogo kuliko sisi.

Sasa fedha, maana naona mapromota wananitazama. Chukueni mfano, ukumbi wa watu 600. Viti 500 kwa shilingi 200, hiyo laki moja. Viti 100 kando ya ulingo kwa shilingi 1,000, laki nyingine. Mlangoni mna 200,000, kama ukumbi umejaa. Mapambano manane yale yana mabondia 16. Mkiwapa kumi wa raundi 4 shilingi 6,000 kila mmoja, wanne wa raundi 6 shilingi 10,000, na wawili wa pambano kuu 40,000 kila mmoja, mmeshatumia 180,000. Bado ukumbi, kusafirisha ulingo, majaji, madaktari, gari la wagonjwa, walinzi, spika na mabango. Hata mkibana, 130,000 zinaondoka. Pengo ni 110,000. Nakuru au Kisumu, mlango peke yake hautalipa usiku wa ndondi. Anayewaambia utalipa anawadanganya, au atamdanganya bondia.

Na ndivyo inavyokuwa. Promota anategemea mlango. Mvua inanyesha. Viti 100 vya mbele vimekaliwa na waheshimiwa na wapambe wao, wote bila tiketi, ndiyo maana nilisema nitarudi kwa viti. Usiku wa manane bondia wa raundi 4 anaambiwa aje Jumatatu. Jumatatu simu imezimwa. Mwaka ujao kijana huyo yuko kwenye bodaboda, na anamwambia mdogo wake asijaribu mchezo ule.

Kanuni iwe moja: fedha zote za mabondia ziwekwe kwa wasimamizi wa mchezo siku 7 kabla ya pambano. Hazipo? Hakuna kupima uzito, hakuna pambano. Mfadhili apatikane kabla ya bango, kamwe si baada yake. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoisoma bondia, utaje raundi, uzito, kiasi, na asilimia ya meneja. Marekani walitunga sheria mwaka 2000, ile yenye jina la Muhammad Ali, inayomlazimisha promota kumwonyesha bondia mapato ya pambano lake na kumkataza promota huyohuyo kuwa na mkono katika umeneja wa bondia. Walitunga kwa sababu wizi ulikuwa huko pia. Nani atabisha kwamba hapa haumo?

Niwe na subira sasa, maana hili linalofuata nitalisema polepole.

Wangila wetu, dhahabu wa Seoul, alipigana na David Gonzales huko Las Vegas tarehe 22 Julai 1994. Refa alisimamisha pambano raundi ya 9. Wangila alitoka ulingoni. Alikuwa chumba cha kubadilishia nguo fahamu zilipompotea. Tarehe 24 alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Chumba cha kubadilishia nguo. Sikieni hilo, makocha. Damu inapovuja chini ya fuvu inajikusanya kidogo kidogo na kuubana ubongo. Mtu anaweza kutembea, kuongea, hata kubishana na refa, halafu azime. Kwa hiyo daktari wa ulingo hamalizi kazi kengele inapolia. Bondia aliyepigwa kwa nokauti, au aliyepokea ngumi nyingi za kichwa hata kama ameshinda, akae mbele ya macho ya daktari angalau nusu saa. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine: lolote kati ya hayo, gari liondoke. Asipewe dawa ya maumivu alale. Na asiende nyumbani peke yake kwa boda.

Madaktari wawe wawili, ili mmoja akimsindikiza mgonjwa mwingine abaki. Gari la wagonjwa liwe mlangoni, pua imeelekea barabarani, mtungi wa oksijeni umejaa na umejaribiwa, dereva yumo ndani, hayuko ulingoni anashangilia. Gari likiondoka, mapambano yasimame mpaka lirudi au lije jingine. Na kabla ya siku hiyo mtu apige simu aulize ni hospitali gani ina mashine ya CT, ile ya kupiga picha ndani ya kichwa, inayofanya kazi na daktari wa upasuaji wa ubongo. Hospitali iliyo karibu isiyo na hivyo viwili ni kituo cha kupoteza muda. Aliyeangushwa kwa nokauti asipigane kwa siku 60, na siku hizo asishiriki hata mazoezi ya kupigana. Hapa ndipo makocha wengi wanapokosea: anamtoa kwenye mapambano, lakini Jumanne anamweka ulingoni wa mazoezi na kijana mzito kumzidi.

Chanzo kingine cha ajali ni mizani. Kijana wa kilo 68 anataka kupigana kilo 61.2. Siku mbili za mwisho hanywi maji, anakimbia amevaa mifuko ya plastiki, anatema mate kwenye kopo. Anapita mizani, watu wanapiga makofi. Kesho yake amekunywa lita tatu za maji na anajiona mzima, lakini mwili uliokaushwa haurudi sawasawa kwa siku moja, na kichwa kilichokauka hakivumilii konde kama kilichoshiba maji. WBC hufuatilia uzito mapema: siku 30 kabla bondia asizidi kikomo kwa zaidi ya asilimia 10, siku 7 kabla asizidi asilimia 5. Kwa kilo 61.2, hiyo ni kama kilo 67.3, kisha kilo 64.3. Mizani ya duka inatosha. Kocha apime, apige picha, atume. Akizidi, ahamishwe uzani. Hakuna haya katika hilo.

Vifaa nitavipitia haraka. Glavu za wakia 8 mpaka uzani wa welter, wakia 10 kuanzia hapo kwenda juu, na za mazoezi wakia 16. Glavu ambayo sponji yake imehamia kwenye kifundo ni jiwe lililofungwa ngozi. Ikate kwa kisu ili asije mtu akaiokota. Kamba za ulingo nne, zifungwe pamoja kila upande ili mtu asipenye katikati akaanguka nje. Turubai livutwe mpaka lisikunjamane, maana mkunjo mmoja unavunja kifundo cha mguu. Ndoo ya kona ikimwagika, raundi isianze mpaka pafutwe. Refa autembee ulingo wote, pembe hadi pembe, kabla ya pambano la kwanza. Na ulingo mmoja mzuri wa kufunga na kufungua, ukizunguka Nakuru, Eldoret, Kakamega na Kisumu kwa lori moja, unatosha kanda nzima. Hakuna haja ya kila mji kununua wake na kuuozesha mvuani.

Akina dada. Mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushika taji la kimataifa la ndondi ni Conjestina Achieng, binti wa Siaya, hapo jirani na wageni wetu wa Kisumu. Fatuma Zarika alikwenda Marekani mwaka 2016 akachukua mkanda wa WBC, na akautetea Nairobi. Katika miaka hiyo ni mwanaume gani wa Kenya aliyekuwa na taji la hadhi hiyo? Na bado tunawapangia wanawake pambano la kwanza, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Raundi zao ni dakika 2, mwendo wake ni wa kasi, na hakuna pambano linalofaa zaidi kuwekwa kabla tu ya lile kuu, wakati ukumbi umejaa. Wakati mwingine liwe ndilo kuu lenyewe.

Na runinga? Mayweather na Pacquiao walipokutana mwaka 2015, Mmarekani alilipa karibu dola 100 kutazama nyumbani. Nyumba milioni 4.6 zililipa. Fedha nyingi, sawa. Lakini mtoto ambaye baba yake hakuwa na dola 100 alijifunza kupenda mchezo mwingine. Sisi hatuna hata anasa ya kufanya kosa hilo. Mapambano ya raundi 4 yaonyeshwe bure, moja kwa moja, kwa simu mbili: moja juu ya kona, imetulia, na nyingine ya kushikwa. Mtangazaji awe mmoja anayejua ndondi, aongee Kiswahili, ataje mtaa wa kila bondia, na anyamaze konde linapotua. Sauti ya konde ni tangazo tosha.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha, na nimewaambia wenyewe kuhusu kuheshimu saa. Mizani iko pale mlangoni, vijana. Pimeni leo, kocha aandike, halafu mpime tena Jumamosi ijayo. Naona mzee wa Bondeni ameinua mkono tangu nilipotaja glavu. Tuanze maswali naye.